Zulia la Meneja na Viatu vya Mama

Temeke, Jumapili, jua linakaribia kuzama.

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika tukiwa tunakunywa chai, na jua likatoka kali kama vile hakuna kilichotokea. Mchana kutwa ardhi imekuwa ikifuka mvuke. Vidole vyangu vimeganda gundi ya viatu isiyotoka hata kwa petroli, kidole gumba kimekatwa na wembe, kiuno hakisemeki, na nimefurahi. Nimefurahi mpaka naogopa kidogo. Ndiyo maana naandika sasa hivi, kabla sijaizoea furaha yenyewe.

Leo Mama amepanda gari la Baba.

Kwa mtu asiyetujua hiyo si habari ya kuandika popote. Mke kapanda gari la mumewe, kuna ajabu gani? Lakini nyumbani kwetu watu wameolewa, wameachika (mimi mmojawapo, na leo sina haja ya kuyarudia hayo), wajukuu wamezaliwa mpaka wameanza shule, na muda wote huo Mama hajakanyaga gari lile. Akialikwa mahali atatembea, atapanda basi, ataomba lifti kwa watu baki. Gari la mumewe, hapana.

Gari lenyewe ni dogo, la Kiingereza, lilikuwa jeupe zamani. Baba alilinunua kwa mwalimu mmoja wa Kigoa aliyekuwa anahamia Kanada, mimi nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Mtaani wanaliita Bibi kwa sababu linakohoa asubuhi kabla ya kuamka. Siku hizi wenye nazo wanashusha magari kutoka Japani na Dubai, vioo vinapanda vyenyewe, na Baba akiyaona yanapita anageuza uso kama ameona watoto wasioamkia wakubwa. Gari lake analipenda. Na Baba anampenda Mama pia, sina shaka na hilo. Tatizo lilikuwa kuwaweka hao wawili pamoja.

Chanzo ni kiatu.

Ilikuwa enzi zile za shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, na kiatu cha maana hukipati hata ukiwa na hela mkononi. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa baharia, akamletea kutoka ng'ambo viatu vya mchuchumio, vyeusi, vina kifungo cha rangi ya dhahabu pembeni. Mama akawa anavihifadhi ndani ya foronya. Siku ya harusi ya binti wa jirani akavitoa, akavivaa, akakaa mbele pembeni ya Baba. Sakafu ya gari upande ule ilikuwa imeliwa na kutu. Baba alikuwa ameweka kipande cha ubao, akafunika na mkeka wa mpira, akanyamaza kimya. Tulipoingia kwenye dimbwi karibu na Keko ubao ukateleza. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikasikia Mama anapiga ukelele, nikaona maji yanaruka ndani. Alipovuta mguu juu, mguu ulikuja, kiatu hakikuja. Kilishukia kwenye tundu kikabaki barabarani, na lori lililokuwa nyuma yetu likakimalizia.

Mama aliingia harusini na kiatu kimoja, mguu wa pili kauficha ndani ya baibui. Tuliporudi nyumbani alisema maneno machache tu.

"Baba Zuhura, mie na gari lako basi."

Baba alidhani ni hasira za siku mbili.

Sijawahi kumsikia akimbembeleza, wala akigomba. Alichofanya ni kimoja: kiti kile cha mbele hakumruhusu mtu mwingine akikalie. Hata tukiwa wawili tu garini, mimi nakaa nyuma. Ukituona barabarani utadhani mimi ni bosi na mzee yule mwenye kofia ya kiua ni dereva wangu. Kuna watu wametusimamisha wakidhani ni teksi, na Baba akawajibu kwa adabu kwamba abiria tayari anaye. Nimelalamika sana kuhusu kukaa nyuma. Miguu yangu ni mirefu na kule nyuma kumebana. Baba ananijibu hivyo hivyo siku zote, "Kiti kina mwenyewe," na mjadala umekwisha.

Sasa basi. Shangazi yangu wa Pugu, dada yake Baba, alituma salamu kwamba mjukuu wake amehitimu Kurani na Jumapili hii kuna pilau, na kwamba anatutaka wote. Akamwambia mjumbe alirudie hilo neno wote. Baba alilishika. Wiki hiyo hiyo akalipeleka gari kwa fundi Method, mchomeleaji wa hapa mtaani, mtu wa Iringa, akakata kutu yote upande wa mbele na kuchomelea bati nene. Method alisimama juu yake akarukaruka mwenyewe. "Mzee, hapo hata ng'ombe umsimamishe," akasema.

Baba akaenda kumwita Mama aje kuona. Mama akaja na mwiko mkononi, akachungulia.

"Naona bati," akasema. "Hata mwanzo lilikuwa bati."

Akarudi jikoni kwake.

Baba hakukata tamaa, akaja kwangu. Mimi ni fundi wa makochi, nina kibanda Keko kwenye ile safu ya maseremala. Wao wanatengeneza mbao, mimi navalisha. Baba akasema anataka sakafu nzima ya gari ivalishwe zulia, kutoka mbele mpaka nyuma, pasionekane bati hata kidogo. Nilimwambia kochi halina gia. Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mtu wa mitaani."

Zulia alikuwa nalo tayari. Shirika alilofanyia kazi ukarani maisha yake yote limeuzwa, kama yanavyouzwa mengine, na mwenyewe mpya anataka vigae, kwa hiyo mazulia yakang'olewa. Baba alikwenda kuomba akarudi na kipande begani, kutoka ofisi ya Meneja Mkuu mwenyewe. Rangi ya damu ya mzee, zito, limefifia kidogo tu pale palipokuwa na mlango. Anasema enzi zake karani akiitwa chumba kile alikuwa anavua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu. "Nilikuwa nasimama na soksi, faili mkononi," akanisimulia, akacheka. Lakini niliona jinsi alivyolikunjua pale uwanjani. Alilikunjua taratibu, na hakulikanyaga.

Kipande kilikuwa kinatosha sakafu tu, hakuna baki. Nikikosea, hakuna kingine. Zulia la rangi ile hulipati Kariakoo hata sasa ambapo kila kitu kipo.

Kazi nilianza juzi. Tukatoa viti, tukang'oa mkeka wa mpira uliokuwa umeshikana na uchafu wa miaka, nikatandika magunia ya katani chini ili zulia lilale vizuri na makelele yapungue. Zulia lenyewe nikaliacha juani lilainike. Zulia baridi ni kaidi, ukilisukuma kwenye kona linajirudi. Likipata moto linakusikiliza. Nikaanza na lile tuta la katikati linalopitisha gia, maana hapo ndipo panapoamua kila kitu. Ukianzia pembeni, ukifika katikati unakuta zulia halitoshi au limezidi, na huna pa kulipeleka.

Halafu yakaja matundu.

Sikujua gari lina matundu mengi kiasi kile mpaka nilipotakiwa kuyatoboa. Tundu la gia. La breki ya mkono. Pedeli zinapopenya. Bolti za viti, kila kiti na zake. Na kuna kitufe kidogo sakafuni, kushoto kwa klachi, ambacho Baba anakikanyaga kushusha taa kubwa akikutana na gari usiku. Magari ya siku hizi hayana. Baba aliniambia kitufe kile nikikifunika nimemuua.

Mama akatokea na beseni la nguo wakati nimeshika wembe. Akaona zulia zuri, jipya machoni pake, na mimi nimelichana msalaba katikati.

"Nyie baba na mwana mna wazimu?" akauliza. "Mie nilishuka humo kwa sababu ya tundu. Sasa mnatoboa mengine?"

Baba akajaribu kueleza. Gia bila tundu itatokea wapi, Mama Zuhura? Mama akaweka beseni chini, akatuangalia mmoja mmoja.

"Basi nitapanda Jumapili," akasema. "Lakini nikiona tundu hata moja upande wangu, hata la kupita sindano, naenda Pugu na basi."

Kwa miaka yote ile Baba hakuwahi kulisikia lile neno nitapanda. Nami nikajua kwamba kazi ile si ya zulia tena.

Nikawa makini. Bolti huwezi kuzikisia kwa juu. Unalisukuma zulia lilale kabisa, unaingia chini ya gari, unachoma na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, kupitia tundu la bati mpaka ncha itokeze juu. Hapo ndipo mahali. Unarudi juu, unachana msalaba mdogo kuliko unavyodhani unahitaji, unajaribu, unaongeza kidogo. Zulia ukishalikata halirudi. Matundu ya bolti nikayawekea pete za shaba, zile za maturubai, nikazigonga zikashika. Ya pedeli nikayazungushia reksini nyeusi, ile ngozi ya bandia ya makochi, nikashona kwa mkono na uzi uliopakwa nta, ili nyuzi za zulia zisichomoke zikamsumbua Baba miguuni. Gia nikaiwekea sketi. Sijui fundi wa magari anaitaje, mimi naiita sketi: reksini ya duara iliyokunjwa mikunjo, chini imeshonewa kwenye zulia, juu imefungwa shingoni mwa gia. Kabla ya kushona nilimwambia Baba aingize gia zote moja moja, na rivasi, ili nione inakofika. Ikapepea vizuri kila upande. Na kile kitufe cha taa nikakizungushia kipete cha ngozi kilichoinuka kidogo, mguu wake ukipapasa ukijue.

Nikatazama upande wa Baba uliokwisha, nikajipenda.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kochi lina mikono miwili, wa kushoto na wa kulia ni mapacha. Ukishapata kipimo cha mmoja unakigeuza tu, unakata wa pili, unakwenda kula. Nimefanya hivyo kwa mamia ya makochi. Jana mchana, njaa inauma, sikuingia chini ya gari tena. Nikachukua kipimo cha bolti za Baba, nikakigeuza, nikachana upande wa Mama. Nililisukuma zulia likalala, nikatafuta bolti kwenye tundu, nikaona magunia. Bolti ilikuwa nyuma zaidi, vidole vinne. Bati jipya la Method limekaa juu kuliko la zamani, na gari lenyewe kumbe halikutengenezwa pacha. Tundu langu limekaa wazi, pale pale miguu ya Mama itakapotulia.

Nilikaa chini. Machozi yalinitoka, sitasema uongo. Sikulilia zulia. Nilimlilia Baba na kile kiti chake, na Mama aliyekwisha kusema nitapanda.

Baba alikuja, akaliona. Nilitegemea aseme kitu. Akakuna kidevu, akatazama jikoni alikokuwa Mama, akaniuliza taratibu, "Kochi likichanika mnafanyaje?"

Linazibwa. Nikafuta machozi.

Chini ya kiti cha Mama, mahali ambapo mtu haoni isipokuwa alale kifudifudi, kuna zulia lile lile. Nikachukua kifuniko cha kopo la kahawa, nikakata kwa wembe duara pale chini ya kiti, na kwa kifuniko hicho hicho nikalikata lile tundu langu baya likawa duara safi. Nikapitisha kiganja kujua manyoya ya zulia yanalala kuelekea wapi, kwa sababu ukiligeuza kinyume, mwanga ukipiga doa linaonekana hata na kipofu. Nikaweka turubai kwa chini, gundi, nikapachika. Kwa ncha ya sindano nikachambua nyuzi za huku zikachanganyika na za kule, moja moja, mpaka macho yakaniwasha. Baba akaleta pasi ya mkaa, nzito, haina moto, akaiweka juu. Kule chini ya kiti nikaziba na kipande cha turubai, basi. Kwa tundu la bolti lenyewe nikaingia chini ya gari kama mtu mwenye akili, nikachoma na shazia.

Baada ya alasiri Mama akaja kukagua. Akapiga magoti kwenye kanga yake, akapapasa upande wake wote kwa kiganja. Nilikuwa nashika mlango wa gari. Kiganja kikapita juu ya duara langu, kikaendelea. Kisha akakaa akawaza, akamwambia Baba alete tochi.

"Zuhura, ingia chini," akasema. "Umulike kuelekea juu."

Nikalala tena kwenye vumbi nikamulika. Namulika hapa, sogeza, namulika pale. Kule juu Mama alikuwa amejifunika kanga kichwani pamoja na sakafu yote, kama anajifukiza, anatafuta mwanga. Nilimsikia akihema.

"Zima," akasema mwishowe. "Utamaliza betri."

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu yote, nami nikaipokea.

Leo asubuhi akatoka amevaa gauni la kitenge, mtandio mweupe, na viatu vyake vya Idi. Baba alikuwa amefungua mlango wa mbele muda mrefu, amesimama pembeni yake, ameshika kofia. Mama akafika mlangoni, akasimama. Akalitazama zulia. Likawaka na lile jua, lile jekundu zito, safi, na mimi nikaona uso wake unabadilika nikajiambia haya, anarudi ndani.

Akainama akavua viatu. Akavipanga pembeni ya ukuta wa barabarani, ncha zimetazama nje, kama anavyovipanga mlangoni kila siku ya maisha yake. Akasema bismillahi, akaingia kwa miguu mitupu.

Baba akavua makubazi, akayapanga hapo hapo, akazunguka upande wake, akaingia. Mimi nikavua ndala zangu, nikazipanga pamoja na vyao, nikapanda nyuma. Nani angeingia na viatu kwenye zulia alilolikanyaga mama yake hivyo? Bibi alikohoa, akawaka, tukaondoka.

Njia nzima mpaka Gongo la Mboto sikumtazama Baba usoni, nilikuwa namwona kisogo tu. Lakini shingo ya mtu nayo husema. Aliendesha polepole kupita kiasi, malori yanatupigia honi, yeye hana habari. Mama alikaa wima, mkoba mapajani, miguu ameibana pamoja.

Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha dimbwi kubwa, barabara nzima. Baba akapunguza mwendo. Mama akaliona. Akashika dashibodi kwa mkono mmoja, akanyanyua miguu yote miwili juu, na mimi kule nyuma nikanyanyua yangu, sijui kwa nini. Maji yakapiga chini ya bati kwa kishindo. Yakapiga, yakapiga, tukatoka upande wa pili.

Ndani pakavu.

Mama akashusha miguu taratibu, kidole baada ya kidole. Kisha mguu wake wa kushoto ukaanza kutembea juu ya zulia, unakwenda unarudi, ukasimama mahali. Kidole gumba kikazunguka duara, tena na tena.

"Zuhura. Hapa pana nini?"

Jicho halikuona, kiganja hakikuona, unyayo umeona. Ningeweza kusema ni mshono wa kawaida. Baba akanitazama kwenye kioo, naye hakunisaidia.

"Nilikosea, Mama," nikasema. "Nilitoboa pasipo penyewe. Nimeziba."

Tukapita maduka, tukapita kituo cha mafuta, tukaanza kupanda mlima. Kidole chake kilikuwa bado kinazunguka pale pale. Nilikuwa nafikiria atasema simamisha nishuke.

"Umeziba na mkono wako?"

"Na mkono wangu."

"Hujaacha hata uzi," akasema, akageuza uso dirishani. Na mguu wake akauacha umetulia juu ya kile kiraka mpaka tunafika.

Kufika ndipo kulikuwa na kazi. Pugu kulikuwa na tope jekundu la kunata, na gari likasimama mbali kidogo na mlango wa Shangazi. Baba akashuka kwa bashasha kuja kumfungulia mke wake mlango, akakanyaga tope, akatazama miguu yake. Mama akatoa mguu mmoja nje, akaurudisha.

"Baba Zuhura. Viatu vyangu viko wapi?"

Tukatafuta chini ya viti kama watu ambao kweli wanategemea kuvipata. Viko Temeke. Vimepangwa barabarani, ncha nje, pamoja na makubazi na ndala, kama vile nyumba yetu imehamia pembeni ya barabara na sisi tumeingia ndani.

Mara ya kwanza gari lilimlia kiatu kimoja. Leo limemwacha bila hata kimoja. Baba alikuwa amesimama kwenye tope na kofia yake, uso umemshuka, na nikaona miaka yote ya kile kiti kitupu inarudi.

Mama akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe ni kicheko, kilianzia tumboni, kikapanda, akashindwa kukizuia, akajipigapiga mapaja, mtandio ukamwanguka. "Na vyako pia!" akamwambia Baba, anamwonyesha miguu. "Mzee mzima!" Baba akaanza kucheka naye, kwanza kwa woga, kisha kwa kelele. Nilikuwa sijawaona wakicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja tangu sijui lini.

Shangazi akatoka na ndoo ya maji na kopo, nikamwamkia, yeye anatazama miguu yetu tu. "Wifi yangu," akamwambia Mama, "miaka yote hupandi gari, siku uliyopanda ndiyo unakuja pekupeku?"

Akatunawisha miguu mlangoni sote watatu. Pilau ilikuwa nzuri, mtoto alisoma vizuri, sitaki kuandika mengi. Ila wakati wa kuondoka watu wote wameinama mlangoni, wanatafuta viatu, huyu kavaa cha yule, yule anadai chake kimeibwa, Mama akapita katikati yao kichwa juu. "Pisheni," akasema. "Mie leo hamna cha kuniibia."

Tuliporudi tukamkuta jirani yetu Mama Neema amekaa kwenye kigoda pembeni ya ukuta, amevifunikia viatu vyetu beseni. Alipotuona akainua mikono juu.

"Jamani! Nimetoka kanisani nakuta viatu vya watu watatu vimepangwa barabarani, wenyewe hawapo. Nikasema Yesu wangu, hawa wamenyakuliwa mbinguni, mie nimeachwa!"

Tulicheka tena mpaka Baba akazima gari. Nikashuka, nikavaa ndala zangu, nikachukua viatu vya Mama nikampelekea dirishani. Baba naye alikuwa ameshaweka mguu nje.

Mama hakufungua mlango.

"Zuhura, wewe nenda kabandike maharage," akasema. "Sie tunafika hapo mbele."

"Mbele wapi?" Baba akauliza.

"Wewe endesha."

Baba akarudisha mguu ndani haraka, Mama asije akabadilisha mawazo. Nikasema Mama, viatu vyako hivi hapa. Akavitazama, akamtazama Baba, akaegemea kiti vizuri.

"Virudishe pale pale vilipokuwa."

Wakaondoka. Nilisimama barabarani na viatu mkononi, nikawaangalia mpaka wakakata kona. Mtu akiwaona atasema ni mzee na mkewe, basi. Hakuna atakayedhani ni teksi.

Maharage yako jikoni yanachemka, najua yataungua nikiendelea kuandika. Adhana ya magharibi inakaribia. Viatu vya Idi vya Mama viko pale ukutani, pembeni yake makubazi ya Baba, na gari bado halijarudi. Mawingu yanakusanyika upande wa Pugu. Nimejiuliza kama nivichukue niviweke ndani visije vikalowa.

Nimeviacha. Vina mwenyewe.